Kofi Kingston: Mjamaika wa kubuni aliyeishia kuwa bingwa wa Afrika

MWAKITOLYO. KATIKA vibanda umiza vya machimbo ya dhahabu huku Shinyanga, ratiba haina siri. Wikiendi ni Ligi Kuu England, na siku Simba au Yanga ikicheza hakuna kingine kinachowekwa. Katikati ya wiki, kibanda kikipoa na vijana wakiwa wametoka kwenye maduara, mwenye kibanda anaweka mieleka.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mmoja atasema yale ni maigizo, mshindi anajulikana kabla ya kengele kulia. Mwingine atamjibu kwamba mtu anayeruka kutoka juu ya kamba na kutua kwa mgongo hawezi kuwa anaigiza, maana sakafu haiigizi.

Wote wawili wako sahihi. Na hakuna mwanamieleka anayeonyesha usahihi wa pande zote mbili kama Kofi Kingston, mtoto wa Ghana aliyeruka juu kwa miaka 11 bila kupewa mkanda mkubwa, akaupata kwa nguvu ya mashabiki, halafu akanyang'anywa ndani ya muda ambao hautoshi hata kupiga kona.

KOCHA HAPANGWI NA MABAO

Shabiki wa soka ana kipimo chake. Straika akifunga, anapangwa. George Mpole alipofunga mabao 17 akiwa na Geita Gold msimu wa 2021/22 na kuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu Bara, hakuna mtu aliyemuuliza anatoka timu gani ya mkoani. Namba zilimsemea.

Kwenye mieleka ya WWE namba kama hizo hazipo. Kuna ofisi ya waandishi inayoamua nani ashinde, nani apigwe na nani apewe kipaza sauti. Mwanamieleka anaweza kuwa fundi kuliko wote na bado akapigwa kila wiki kwa sababu karatasi imesema hivyo. Hawezi kufunga bao la dakika ya 90 likamshangaza kocha.

Kwa hiyo mchezaji anabaki na vitu viwili tu vya kumpigania: mwili wake na kelele za jukwaani. Mwili ukifanya kitu ambacho watu hawajawahi kukiona, jukwaa linapiga kelele. Kelele zikiwa kubwa na zikidumu, ofisi inalazimika kusikiliza, maana kelele ndizo zinazouza tiketi na fulana.

Watu wa Shinyanga wanaijua nguvu hiyo. Stand United, 'Chama la Wana', haikuanzia kwenye ofisi ya tajiri. Ilianzia kwa watu wa stendi ya mabasi, ikapanda mpaka Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na kuujaza Uwanja wa Kambarage. Kwanza walikuja watu, karatasi zikafuata.

MGANDA WA MISSISSIPPI

Kabla ya Kofi, Mwafrika kwenye ulingo wa Marekani alikuwa mtu wa kutungwa.

Mfano mkubwa ni Kamala, aliyetangazwa kama 'Jitu la Uganda'. Aliingia ulingoni peku, amepakwa rangi usoni na tumboni, ameshika mkuki, hazungumzi lugha ya mtu yeyote na anajipigapiga tumbo. Mwaka 1992 alipambana na Undertaker kwenye SummerSlam ndani ya Uwanja wa Wembley, London.

Jamaa hakuwa Mganda hata kidogo. Aliitwa James Harris, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Mississippi mwaka 1950. Uganda ilikuwa jina tu la kutishia watoto. Harris mwenyewe hakutajirika. Uzeeni kisukari kilimfanya akatwe miguu yote miwili, na akafariki dunia Agosti 2020.

Ndivyo ofisi zilivyoiona Afrika kwa miaka mingi: mtu wa porini, mkubwa, asiyejua kuongea, wa kuja kupigwa na shujaa. Kuruka hakukuwa kwenye karatasi yake.

MJAMAIKA WA KUMASI

Kofi Sarkodie-Mensah alizaliwa Ghana Agosti 14, 1981. Akiwa mtoto, familia ilihamia Marekani. Akasoma Chuo cha Boston, akamaliza, akapata kazi ya ofisini. Kazi ya kukaa kwenye kiti ikamshinda, akaingia kwenye shule ya mieleka ya Massachusetts, na mwaka 2006 WWE wakamsaini kwenye timu zao za vijana.

Januari 2008 akaonekana kwenye televisheni kwa mara ya kwanza. Cha ajabu, akatambulishwa kama Mjamaika. Muziki wa rege, lafudhi ya kisiwani, hata pigo lake la mwisho, teke la kuzunguka hewani, likapewa jina la kunukia ufukwe: Trouble in Paradise. Mtu aliyezaliwa Ghana, mwenye jina ambalo Waakan humpa mtoto wa kiume wa siku ya Ijumaa, analipwa ajifanye anatoka visiwa vya Karibea.

Hali hiyo ilidumu karibu miaka miwili. Oktoba 2009, mbele ya kamera, Triple H akamtania kuhusu lafudhi iliyokuwa imeyeyuka, na kuanzia hapo akaanza kutangazwa kuwa anatoka Ghana. Hapakuwa na sherehe wala maelezo. Ujamaika ukaachwa kama jezi ya msimu uliopita.

Ukilinganisha na Kamala, kulikuwa na hatua. Mmarekani alifanywa Mganda ili achekwe na kuogopwa. Kofi alifanywa Mjamaika ili apendwe. Lakini ofisi zote mbili zilikuwa zinasema jambo moja: Afrika kama ilivyo, haiuzi.

MIAKA 11 YA SUPER SUB

Kipaji kilionekana mapema. Juni 2008, miezi mitano tu baada ya kuanza, alimpiga Chris Jericho na kubeba mkanda wa Intercontinental. Novemba 2009, ndani ya Madison Square Garden, New York, aliruka kutoka jukwaa la mashabiki na kumtulia Randy Orton aliyekuwa amelazwa juu ya meza. Ukumbi ukalipuka. Wengi waliamini kijana ameshafika.

Hakuwa amefika. Miezi michache baadaye alikuwa amerudi kwenye mikanda ya daraja la pili. Akawa yule mchezaji ambaye kila kocha anampenda na hakuna kocha anayemwanzisha: haumwi, hagombani, akiingia dakika ya 70 mchezo unachangamka, na Jumamosi ijayo yuko benchi.

Sifa yake kubwa ikawa Royal Rumble, pambano la watu 30 ambalo mtu anatolewa pale miguu yake yote miwili inapogusa chini nje ya ulingo. Mwaka 2012 alitupwa nje, akatua kwa mikono, akatembea kichwa chini miguu juu mpaka kwenye ngazi za ulingo na kurudi. Mwaka uliofuata alitumia kiti cha ofisini kurukaruka nacho kama panzi mpaka kwenye kamba. Kila Januari watu walikaa kusubiri: safari hii Kofi atafanya nini?

Lakini kuna uchungu ndani ya sifa hiyo. Alijulikana kwa ufundi wa kutotolewa, hakuwahi kujulikana kwa kushinda. Watu waliruka naye kwa dakika mbili, halafu macho yakarudi kwa wenye mikanda.

Mwaka 2014 akaungana na Big E na Xavier Woods kuunda kundi la New Day. Mwanzoni walizomewa. Wakakubali kuzomewa, wakazigeuza zile zomeazomea kuwa wimbo wao, na ndani ya mwaka mmoja wakawa kipenzi cha watoto. Kati ya Agosti 2015 na Desemba 2016 walikaa na mkanda wa timu kwa siku 483, rekodi kwa wakati huo. Hata hivyo, watu watatu waliocheka na kucheza vile hawakuonekana kama mabingwa wa dunia. Walionekana kama burudani ya mapumziko.

SIKU 54

Kilichobadilisha kila kitu kilikuwa ajali ya mtu mwingine. Februari 2019, Mustafa Ali aliumia wakati akiwa amepangwa kupigania mkanda wa WWE. Nafasi ikabaki wazi. Kofi akaitwa kuziba pengo.

Februari 12 akapewa mechi ya kupambana na wapinzani wanaoingia mmoja baada ya mwingine. Alikaa ulingoni zaidi ya saa nzima. Akampiga bingwa Daniel Bryan, akampiga Jeff Hardy, akampiga Samoa Joe, na akaangukia kwa AJ Styles akiwa hana pumzi tena. Siku tano baadaye, kwenye Elimination Chamber, alibaki wa mwisho na Bryan, akapigwa. Ukumbi haukushangilia bingwa. Ulisimama kumpigia makofi aliyeshindwa.

Hapo mashabiki wakashika usukani. Jina lake likaanza kuimbwa kwenye mapambano yasiyomhusu. Mitandaoni likazaliwa neno KofiMania. Watu wakaanza kuuliza swali ambalo kwa miaka mingi halikuulizwa kwa sauti: huyu kafanya kazi miaka 11, kwa nini hajawahi kupewa nafasi?

Waandishi walikuwa wajanja. Hawakulizima swali, waliliingiza kwenye hadithi. Bosi Vince McMahon akaonyeshwa akimkatalia Kofi kila wiki. Akampokonya nafasi na kumpa Kevin Owens. Machi 19 akamtaka ashinde watu watano mfululizo. Kofi akashinda wote, halafu akaongezewa wa sita, Bryan mwenyewe, na kuanguka. Wiki iliyofuata Big E na Woods wakaingia kumpigania, nafasi ikapatikana.

Aprili 7, 2019, Uwanja wa MetLife, New Jersey, mbele ya watu waliotangazwa kuwa 82,265, Kofi alimpiga Daniel Bryan na kuwa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika. Wanawe wakapanda ulingoni. Woods na Big E wakalia machozi. Kwenye majukwaa, watu wazima walilia kama timu yao imechukua kombe.

Je, matokeo yalipangwa? Ndiyo. Lakini Januari ya mwaka huo hakukuwa na karatasi yoyote yenye jina lake. Kilichoandikisha karatasi mpya ni kelele, siku 54 za kelele tangu ile mechi ya saa nzima. Hilo halikuigizwa.

Mwaka huohuo alirudi Ghana, miaka zaidi ya 20 tangu aondoke, akiwa na mkanda. Mjamaika wa 2008 akapokewa nyumbani kwa jina lake mwenyewe.

SEKUNDE CHACHE ZA LOS ANGELES

Mashabiki wanaweza kufungua mlango. Ufunguo unabaki ofisini.

Oktoba 4, 2019, kipindi cha SmackDown kilihamia televisheni ya Fox, kwa mkataba ulioripotiwa kuzidi dola bilioni 1 za Marekani kwa miaka mitano. Kampuni ilitaka sura ambayo hata mtu asiyefuatilia mieleka anaijua. Ikamleta Brock Lesnar.

Kengele ikalia, Kofi akaruka kumfuata, Lesnar akamdaka hewani, akambeba begani na kumtupa. Moja, mbili, tatu. Hata sekunde 10 hazikufika. Siku 180 za ubingwa zikaisha kabla waliochelewa hawajapata viti.

Kupoteza si tatizo. Kila bingwa hupoteza. Kilichowauma watu ni namna. Timu ikifungwa 1-0 kwa penalti ya dakika ya mwisho, shabiki ananuna na kesho anaenda kazini. Timu ikishushwa kama vile haikuwahi kucheza, anajiuliza kama msimu mzima alikuwa anadanganywa. Na Kofi hakupewa hata mechi ya marudiano. Wiki zilizofuata alikuwa amerudi New Day akicheka na kucheza, kana kwamba Aprili haikuwahi kutokea.

Hapa kuna somo la wazi. Nguvu ya jukwaa ilitosha kumpandisha. Haikutosha kumlinda, kwa sababu baada ya Aprili jukwaa lilitulia. Watu walidhani kazi imekwisha.

SHINGO YA BIG E

Upande mwingine wa maisha haya hauonekani kwenye skrini za vibandani.

Wanamieleka wa WWE si waajiriwa. Kwenye mikataba wanaitwa wakandarasi wa kujitegemea. Kampuni hugharamia majeraha ya ulingoni, lakini bima ya afya ya kila siku na akiba ya uzeeni ni juu ya mtu mwenyewe. Mwili ndio mtaji, ukikatika umekatika.

Big E, aliyemlilia Kofi pale MetLife, naye akaja kuwa bingwa Septemba 2021. Miezi sita baadaye, Machi 11, 2022, alirushwa nje ya ulingo, akatua kwa kichwa na kuvunjika mifupa miwili ya shingo. Hajapambana tena tangu siku hiyo. Lilikuwa tendo lililopangwa, lililofanyiwa mazoezi, kati ya watu wawili wasio na ugomvi. Sakafu haikujua kama ni maigizo.

Kijana wa Mwakitolyo hahitaji kuelezewa sana jambo hili. Wengi wanaoshuka kwenye duara hawana mshahara. Wanashuka kwa mgao: mawe yakitoka, viroba vinagawanywa kati ya mwenye duara, waliogharamia na waliochimba, mawe yasipotoka, wameshuka bure. Matimba yakikatika, hakuna karatasi inayosema nani atailisha familia. Ndiyo maana mtu anayeruka bila uhakika wa kutua anaeleweka haraka huku kuliko sehemu nyingi.

Tofauti ni moja. Kofi, pamoja na yote, alifundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kuruka. Siku za kwanza za shule yoyote ya mieleka ni kuanguka tu: kidevu kifuani, mgongo wa juu utangulie, mikono ipige sakafu kugawa uzito. Sakafu yenyewe ni mbao zenye chuma na godoro jembamba, inanesa. Vijana wanaojaribu kuruka sarakasi juu ya rundo la mchanga wa marudio hawana hata kimoja kati ya hivyo. Na mchanga huo, uliopita kwenye karasha na mwalo, hubeba mabaki ya zebaki. Si godoro la kurukia.

WAGANDA WA KWELI

Hadithi iliyoanza na Mganda wa kubuni imepata ukurasa mwingine, safari hii Uganda kwenyewe.

Wilayani Mukono, mashariki mwa Kampala, Daniel Bumba, anayejulikana zaidi kama Bumbash, alikusanya vijana na kuanzisha kundi la Soft Ground Wrestling. Hawakuwa na ulingo wa kununua. Walisimika miti, wakafunga kamba, wakalowesha udongo mpaka ukawa tope, na tope likawa godoro lao. Mwaka 2023 video zao zikaanza kuzunguka dunia nzima: wavulana na wasichana wakiruka kutoka kwenye kamba, wamejaa matope mpaka kwenye nyusi, kijiji kizima kimezunguka kikipiga kelele.

Hakuna mkuki wala rangi usoni. Wamejipa majina wenyewe, wameandika hadithi zao wenyewe, na walioamua nani apendwe ni wanakijiji waliosimama pembeni. Kinshasa nako kuna mieleka ya mtaani ya miaka mingi, yenye uchawi na vituko vyake, lakini Mukono wameonyesha njia fupi zaidi: simu moja, eneo la tope na mtu wa kufundisha kutua.

Bado ni maskini. Video kutazamwa na mamilioni hakumaanishi mfuko umejaa, na tope nalo linavunja mkono ukitua vibaya. Lakini jina ni lao.

NA KOFI MWENYEWE?

Desemba 2, 2024, siku New Day ilipotimiza miaka 10, Kofi na Woods walimgeuka Big E hadharani na kumwambia aliwatelekeza. Ukumbi uliomwimba Kofi mwaka 2019 ukamzomea. Aprili 2025, akiwa na miaka 43, yeye na Woods wakatwaa mkanda wa timu kwenye WrestleMania 41 Las Vegas, wakiwa wabaya, wakaupoteza mwishoni mwa Juni.

Kwa wengine, huo ni mwisho mbaya wa mtu mwema. Ukitazama safari yote, si hivyo. Kamala hakuwahi kupewa nafasi ya kuwa mwema wala mbaya, alikuwa tishio tu. Mjamaika wa 2008 alikuwa tabasamu tu. Kofi wa leo anaweza kupendwa, kuchukiwa, kukosea na kusalitiana na rafiki yake. Kwa lugha ya ulingo, amekuwa mtu kamili.

Katika vibanda umiza ubishi utaendelea, na hautakuwa na mshindi. Atakayesema ni maigizo ataonyesha sekunde za Lesnar. Atakayesema ni kweli ataonyesha shingo ya Big E. Kisha saa ya soka itafika, chaneli itabadilishwa, na wengine watainuka kuwahi zamu ya usiku kwenye duara.